Tulivyokwenda Kumpa Pole Mwalimu wa Kemia

Shule ya binti yetu hapa Minnesota iko kusini-magharibi mwa jiji, ukishaipita Eden Prairie, nasi tunakaa Columbia Heights, kaskazini kabisa. Kwa kipimo changu, safari ya kila asubuhi ilikuwa sawa na kutoka Nairobi hadi mpaka wa Uganda, ila huku hakuna mahindi ya kuchoma njiani. Ni shule ya kulipia, na yeye aliingia kwa ufadhili. Magari ya wazazi wenzetu yalikuwa yaking'aa hivi kwamba theluji ikiyaangukia inaomba radhi kwanza. Langu nililiegesha mbali. Si kwa aibu. Mlango wake wa nyuma haufunguki mpaka uupige teke, na teke langu liliwashtua watu.

Mwaka huo binti hakuwa na wimbo mwingine ila darasa la juu la kemia. Kuingia huko mwaka unaofuata kulitegemea mtihani mmoja mkubwa wa majira ya baridi. Basi kila siku akawa ananiamuru tuondoke kabla hata jua halijajua kama litatoka, akakae na mwalimu wake kabla ya kengele. Mwalimu mwenyewe ni mama mfupi, nywele nyeupe, sweta nene, ambaye kwa maelezo ya binti alitabasamu mara ya mwisho kabla oksijeni haijagunduliwa.

Mtihani ukaja, ukafyeka darasa kama nzige. Binti yetu alipata themanini na nane.

"Na wenzako?" nikamuuliza garini.

"Wameanguka, Baba. Karibu wote," akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Mmoja alilia mpaka akapoteza lenzi ya jicho."

Mama watoto alipopata habari alipiga vigelegele vilivyofika Kanada, kisha akajishika shavu. "Lakini masikini mwalimu," akasema.

Hapo lazima nieleze. Mimi cheti changu cha sekondari nilikipatia hapa hapa, utu uzimani, katika shule ya jioni huko Saint Paul, baada ya kushinda kutwa nikiwaendesha wazee kwenda na kurudi hospitali. Kuna wakati darasa zima tulianguka hesabu za sehemu, tukaanguka kwa kishindo kilichosikika Wisconsin. Hakuna aliyemlaumu mwalimu. Tulimwona kama mfiwa. Mtu aliyelima msimu mzima akavuna makapi, huendi kumdai mahindi. Unakwenda kumpa pole. Mama mmoja wa Bukavu akasema hilo halina mjadala, tukachanga chapati na chai, tukampelekea. Yule mwalimu alikula chapati nne, akafuta ubao, akaanza upya kutoka moja juu ya mbili. Ndiyo sababu leo nina cheti ukutani.

Sasa, ujumbe ulipoingia katika kikundi cha wazazi kwenye simu, ukisema wote wa kemia tukutane kesho jioni maktaba ya shule, ni kuhusu mwalimu, jambo halingoji, ningeelewa nini? Darasa limeanguka, na watu wazima wanaitana kwa haraka kwa ajili ya mtu mmoja.

"Kumbe Wazungu hawa wana utu," mama watoto akasema, akaenda kuosha mchele.

Tuliingia maktabani mimi nikiwa nimebeba sufuria ile kubwa, ya harusi na misiba, imefungwa leso. Wazazi walikuwa wamekaa upande mmoja, wengi na kompyuta zimefunguliwa mbele yao. Mwalimu alikuwa upande wa pili, peke yake, na glasi ya maji. Hata hilo halikunishtua. Mfiwa huachiwa nafasi. Nikaiweka sufuria mbele yake, nikampa mkono kwa mikono miwili.

Mkuu wa shule aliruka kitini. "Nani amefariki?"

Maana huku Minnesota nako, jirani akifiwa hupelekewa bakuli la chakula kutoka oveni. Ukiona chombo kimefunikwa namna ile, unavua kofia.

"Hakuna," nikasema. "Tumekuja kumpa mwalimu pole. Tumesikia watoto wameanguka."

Mwalimu aliitazama sufuria, akanitazama mimi. "Asante," akasema. "Ninyi ndio wa kwanza."

Mama watoto alikuwa amekwisha kusimama. "Tuanze kwa maombi," akatangaza, na kwa kuwa hakuna aliyejua adabu ya kumkatalia, vichwa vyote vikainama. Akamwomba Mungu amfute mwalimu machozi na awafungue watoto akili. Sikusikia "amina" nyingi.

Baba mmoja mwenye skafu, wakili, akakohoa. "Tunashukuru kwa... chakula. Turudi kwenye ajenda. Tunataka mtihani huu ufutwe."

Nikaona leso ya sufuria ikivutwa.

"Baba watoto," mama watoto akaninong'oneza kwa Kiswahili, "wanataka kuila themanini na nane yetu?"

"Nasikia."

"Na mimi nimewapikia!"

"Nasikia."

"Nifunike?"

"Funika."

Akaifunga sufuria fundo la pili. Mama mmoja alikuwa akisema mwanawe hajawahi kupata alama ndogo hivyo tangu chekechea, sasa hata hamu ya kula imemtoka. Wakili akaongeza kwamba maswali yalikuwa juu ya kiwango cha watoto.

"Swali la tatu lilikuwa kazi ya nyumbani wiki moja kabla," mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya kusoma hali ya hewa. "Darasa zima lililifanya nyumbani bila kosa."

"Lile la tatu?" baba mwingine, injinia, akadakia kwa uchungu. "Lile lilinichukua saa mbili!"

Akasikia alichosema. Wakili akaanza kuisoma kompyuta yake kama mtu aliyeletewa wosia.

Nikaona nami niombe nafasi. "Binti yangu alipata themanini na nane. Mkifuta, yake inakwenda wapi? Ndiyo imebeba darasa lake la mwakani."

"Wapo wachache waliopata msaada wa asubuhi," wakili akasema.

"Mlango ulikuwa wazi kwa wote," mwalimu akajibu.

"Mwanangu asubuhi ana mazoezi ya magongo barafuni!" Kisha wakili akanigeukia. "Na wewe, nyumbani humsaidii?"

"Mimi kemia yangu inaishia kwenye magadi ya maharagwe."

Walicheka, hata injinia, lakini kicheko hakikubadilisha kitu. Mkuu wa shule, ambaye kufikia hapo alikuwa amekubaliana na kila mtu mara mbili, aliamua mtihani ufutwe, urudiwe baada ya wiki mbili. Mwalimu akauliza jambo moja tu: maswali atayatunga nani?

"Wewe."

"Basi wanaotaka msaada waje asubuhi. Watoto peke yao."

Hatungeweza kuondoka na pilau ya pole, ni mkosi. Mama watoto akaifungua, uso umekunjamana, akapakua. Mwalimu alikula, akamaliza. Wakili alirudi kuongezewa. Iliyobaki tukamwachia mwalimu, sufuria na yote.

Binti alikuwa akitungoja ukumbini. Garini, tuliposhika barabara kuu, akaanza.

"Kwa hiyo yangu imefutwa."

"Imefutwa."

"Na mlipeleka pilau. Shuleni kwangu. Kwa watu walionifutia."

"Tulifikiri ni pole."

Akanusa hewa. "Mmenibakizia?"

Asubuhi zilizofuata chumba cha mwalimu kilijaa. Wazazi, kwa kuwa wamekatazwa kuingia, walikaa magarini nje, injini zikinguruma, wakiyakodolea madirisha kama mashabiki walionyimwa tiketi. Injinia alinijia siku moja, akagonga kioo changu.

"Hivi unavumiliaje kutojua wanafanya nini mle ndani?"

Nikamwambia sijawahi kujua, kwa hiyo sijapata nafasi ya kukosa kuvumilia.

Mtihani wa pili, kwa mujibu wa binti, ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Siku ya matokeo alirudi akiwa ameikumbatia sufuria yetu, mwalimu kamrudishia. Ilikuwa imesuguliwa mpaka masizi ya miaka kumi yametoka, ungeweza kunyolea ndevu humo. Mama watoto akaifunua, akatazama ndani, akaigeuza akatazama chini.

"Tupu?" akasema. "Sufuria ya watu inarudi tupu?"

"Mama, nimepata themanini na nne," binti akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Nimeingia. Darasa la juu, nimeingia."

Mama watoto alimshika shingo akambusu paji la uso, akapiga tena vigelegele vyake vya Kanada. Kisha akairudia sufuria.

"Sawa," akasema. "Lakini hata ndimu moja?"