Shingo ya Hasira

Mjomba wangu alikuwa karani wa malalamiko katika ofisi ya maji, na kazi hiyo ilikuwa imemmaliza hasira zote. Watu walimfokea tangu asubuhi, wengine wamebeba ndoo tupu kama ushahidi, naye anaitikia, "Pole sana. Ni kweli kabisa." Hata nyumbani tulimwita Mzee Pole. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba msamaha.

Shida yake ilikuwa mashati. Shingo nene, kifua chembamba, mikono mirefu. Shati la dukani likimkubali hapa, pale linamkana. Mkewe alichoka kumwona akienda kazini na kifungo cha juu wazi. Akanunua kitambaa cheupe cha mashati matatu, akamtuma kwa fundi mmoja wa zamani anayeshona mashati tu, suruali hata kuitazama hataki.

Fundi akampima mabega, kifua, mikono. Alipofika shingoni akasita.

"Hii ni shingo ya mtu aliyetulia," akasema. "Sasa kasirika."

"Nimkasirikie nani?"

"Yeyote. Mtu akikasirika shingo huvimba. Mimi sishoni kola ya kumnyonga mteja siku ya ugomvi."

Mjomba akakunja uso, akakaza meno. Fundi akazungusha tepu, akatikisa kichwa. "Hapo umevimbiwa tu, hujakasirika. Njoo kesho."

Kesho yake fundi alimwacha amesimama mlangoni mpaka jua likamfikia utosini. Mjomba akasema haina neno, alikuwa anapunga upepo. Fundi akammwagia chai viatuni. Mjomba akainama kuokota kikombe, akauliza kama fundi hajaungua. Akatukanwa masikio, akatukanwa kipara.

"Ni kweli kabisa," akajibu. "Una lalamiko lingine?"

Kumbe analo. Fundi akajikuta amekaa kwenye kigoda, anasimulia cherehani inavyokata uzi na paa linavyovuja, mjomba akimsikiliza kwa makini.

Ikabidi mkaza mjomba aitwe. "Mama, wewe ndiye unayeishi naye," fundi akamwambia. "Huwa unamkasirishaje?"

"Ningejua," akajibu kwa uchungu, "si tungekuwa tumeshagombana?"

Mjomba aliporudi tena, alimkuta fundi kashika mkasi, uso unang'aa.

"Tatizo limekwisha. Shemeji yako alipita hapa jana, shingo zenu kama mapacha. Nikamwambia suruali yake imechanika nyuma. Alivimba vizuri sana! Nimetumia hasira yake."

Shemeji huyo, kaka wa mkaza mjomba, alikuwa mtu wa sauti kubwa aliyekuja kuwasalimia zamani na hakuwa ameondoka.

"Hasira ya shemeji?" mjomba akauliza taratibu. "Kwenye shati langu?"

"Ni kipimo tu, bwana."

"Anakalia kiti changu. Gazeti langu analisoma kabla yangu. Nikianza hadithi, anaimalizia yeye. Sasa hata kukasirika akasirike kwa niaba yangu? Hasira ni zangu! Hata kama sizitumii, ni zangu!"

Fundi alikuwa amesharuka juu ya kigoda, tepu mkononi. "Usinyamaze! Hicho kiti, anakikaliaje?"

"Anakikalia na viatu!" mjomba akanguruma. Wapita njia wakajaa mlangoni. Alipoishiwa pumzi, akawaomba radhi wote, mmoja mmoja, hata cherehani akaishika bega.

Mashati yalipokamilika, mabega yalimkaa kama kazaliwa nayo. Kola ndiyo iliyokuwa kituko. Shingo ilivimba siku ile kupita matarajio ya mtu yeyote, na sasa mjomba akiwa ametulia, palibaki nafasi ya kupitisha ngumi. Mkaza mjomba akaenda kuomba zipunguzwe.

"Sigusi," fundi akasema. "Ile shingo nimeiona kwa macho yangu."

Hivyo basi, kila tukijipanga kupiga picha ya familia, mkaza mjomba humwinamia mumewe sikioni. "Hebu mfikirie kaka yangu kidogo," humnong'oneza, na kola inakaa sawasawa.