Siku Tosha Alipoandikwa

Juzi, kwenye ngazi za ploti yetu ya kupanga, mtaa wa Pipeline, jirani alinionyesha cheti cha mbwa wake mwenye masikio ya kusimama. "Huyu ameandikwa," akasema kwa fahari, nami nikacheka nikikumbuka utoto wangu.

Tosha, mbwa wetu wa Kaloleni, alikuwa wa aina hiyo hiyo, mbwa wa kuwinda ambao wamebaki wachache. Alasiri moja alikuja bwana wa chama cha mbwa, aliyenuka wino na sabuni ya dawa. Akampima Tosha miguu kwa futi ya kamba, akajaza fomu, kisha akamwambia baba, "Basi mzee, ameandikwa."

Kwetu, mtaa wa watu wa reli, kuandikwa kulikuwa ni kupata kazi. Baba wa rafiki yangu Achieng' aliandikwa Mombasa, tukawa tunamwona Krismasi tu. Nikamvuta Tosha chini ya kitanda, nikamkumbatia, mkia wake ukigonga sakafu.

Baba akainama. "Ni nini, mama?" akaniuliza mimi, binti yake mdogo.

"Asiende Mombasa!"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Ameandikwa kitabuni tu, aina yake isipotee. Kazi yake iko hapa hapa."

"Kazi gani?"

"Hiyo anafanya sasa."

Tosha alikuwa akinilamba machozi.