Kifudifudi kwenye Kipaimara

Nilikuwa kidato cha tano, Njombe, siku mwalimu wetu wa Jiografia alipotangaza mstarini kwamba anaanzisha klabu ya picha, wanaotaka wamfuate maabara ya Biolojia baada ya chai ya saa kumi. Tulikwenda wasichana thelathini na mmoja. Shuleni kwetu simu zilikuwa haramu, na kamera tulikuwa tunaiona siku za mgeni rasmi tu. Kwa hiyo tulikwenda tumejipaka mafuta, wengine na vioo mfukoni. Tulidhani tunakwenda kupigwa picha.

Mwalimu alikuwa mtu wa Manda, kule ziwani, na baridi ya Njombe ilikuwa imemshinda waziwazi. Alivaa makoti mawili, la juu fupi kuliko la ndani. Akaitoa kamera yake kwenye mkoba, nyeusi, mpira wake umebanduka upande mmoja, akaiweka mezani tuione. Kisha akaifunika na kitambaa cha kufutia ubao.

"Hii mtaigusa wiki ya nne," akasema. "Leo tunakata maboksi."

Wiki iliyofuata tulibaki tisa.

Mimi nilibaki kwa sababu rafiki yangu alibaki, na rafiki yangu, msichana wa Wanging'ombe niliyekaa naye dawati moja, alibaki kwa sababu alipenda sana kukata vitu. Tulikata maboksi ya sabuni tukapata fremu, tundu la pembe nne linaloenea usoni. Mwalimu akatupa uzi: nyuzi mbili zisimame, mbili zilale, tupate vidirisha tisa. Nyuzi zilikutana mahali panne, na hapo ndipo alipotutaka tutazame.

"Nani hapa anatoka Makambako?"

Nikanyoosha mkono.

"Mabasi husimama wapi kwenu?"

"Njia panda, mwalimu."

"Kwa nini yasisimame katikati ya pori?"

"Kwenye pori hakuna watu."

"Basi jicho nalo ni basi," akasema, akigonga nyuzi zilipokutana. "Linatafuta njia panda. Kitu chako cha maana kiweke hapa. Ukikiweka katikati kabisa, jicho linafika, linazima injini, linalala."

Sijui kwa wengine, lakini mimi maneno yale yaliniingia kichwani kama soda ya baridi. Nilitoka maabara nikiwa na boksi usoni, na kwa wiki tatu sikulitoa. Nilimweka matroni kwenye njia panda ya juu kulia, mlango wa bweni ukabaki mtupu upande wa kushoto, nikaona ghafla jinsi alivyo mpweke yule mama tuliyekuwa tunamkimbia. Nilimweka mpishi na mwiko wake chini kushoto, mvuke wa ugali ukajaza vidirisha vyote vilivyobaki. Rafiki yangu alinifuata nyuma na boksi lake, tukawa tunapiga kelele, "Hapo! Usiondoke hapo!" kwa watu wasiojua tunawataka nini. Matroni alituita ofisini akatuuliza kama tunaumwa.

"Tunajifunza kuona, mama," rafiki yangu akamjibu.

"Na darasani mnatumia nini? Pua?"

Wiki ya nne ilifika Jumamosi yenye ukungu. Mwalimu alitupeleka kwenye mashamba ya chai, kila mmoja akaruhusiwa kubonyeza mara tatu. Mara tatu tu! Niliipokea ile kamera kwa mikono miwili. Picha yangu ya kwanza ilikuwa kidole changu. Ya pili ilikuwa ukungu mtupu, kwa sababu mchuma chai niliyemlenga aliinama kuokota jani.

"Umebaki na moja," mwalimu akasema. "Usikimbilie mtu. Tafuta njia kwanza, halafu msubiri mtu apite."

Nikachuchumaa. Mistari ya chai ilianzia miguuni pangu ikateremka bondeni, yote ikielekea kona moja, kama imeambiwa. Nikasubiri. Mama mmoja mwenye kapu mgongoni akatokea kwenye ukungu, akatembea, akafika pale mistari ilipokuwa inampeleka. Nikabonyeza. Kisha nikapiga yowe hata wachuma chai wakasimama.

"Nyoka?" mmoja akauliza.

"Hapana, mama! Picha!"

Walicheka mpaka kapu la mmoja wao likamwaga majani.

Likizo ilipokaribia, mwalimu alisema kamera itakwenda nyumbani na mwanafunzi mmoja, kwa kura. Tukakunja karatasi tisa ndani ya bakuli. Iliponiangukia mimi, niliruka nikagonga taa ya maabara kwa kichwa, na rafiki yangu akanikumbatia huku akiniambia kwa dhati kabisa kwamba ananichukia.

Nilisafiri mpaka Makambako nimeipakata kamera ndani ya sweta, nikimwambia kila aliyekaa karibu nami kwamba huyu ni mtoto mchanga, asiguswe.

Nyumbani nilikuta maandalizi. Mdogo wangu wa kike alikuwa anapokea kipaimara, na shangazi, ambaye ndiye anayeongoza kila sherehe katika ukoo wetu, alipoiona kamera aliwaambia watu hapohapo, "Mpiga picha wa mjini asije. Tunaye wa kwetu, amesomea."

Amesomea! Nilikuwa nimebonyeza mara tatu maishani mwangu.

Lakini sikuogopa. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye hajawahi kukosolewa. Kanisani nilimpiga mdogo wangu na gauni lake jeupe, yeye chini kulia, dirisha refu la kanisa upande wa pili. Nilimpiga shangazi akitazama altare, nikamwachia nafasi kubwa mbele ya macho yake, kama mwalimu alivyotufundisha: mtu akitazama upande, mwachie njia. Tuliporudi nyumbani, turubai limefungwa, viti vimepangwa, shangazi akataka kuona. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

"Huyu nani?"

"Wewe, shangazi."

"Mbona niko kona kama mwizi?"

"Nimekuachia nafasi ya kutazama."

"Natazama nini? Ukuta?" Akawageukia wenzake. "Njooni muone, amepiga ukuta, mimi nimepita tu."

Wakaja mama zangu wadogo wote. Kila mmoja alijikuta pembeni ya picha yake mwenyewe, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Nilijitahidi kueleza habari za njia panda, nikawatolea hata mfano wa mabasi. Mama yangu alinihurumia, akasema, "Mwanangu, mpige tu mtu katikati. Hawa hawajasoma Jiografia."

Ndipo bibi akaniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, na mimi nilikuwa bado sijamsalimia vizuri siku ile.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene. Hebu nione yangu."

Nilikuwa nimempiga alipokuwa anashuka ngazi za kanisa, uso na mabega, mwanga umemwangukia shavuni. Niliipenda picha ile kuliko zote. Bibi aliitazama kwa muda, akainua kamera akaiangalia kwa chini, kana kwamba nyingine imefichwa huko.

"Miguu iko wapi?"

"Nimepiga uso, bibi. Uso ndio unaozungumza."

"Mtu asiye na miguu, kanisani alifikaje?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Akanionyesha viatu vyake: vyeusi, vya kufunga kamba, vipya, vinang'aa. Alikuwa amevihifadhi kwenye boksi lake tangu Krismasi akiisubiri siku hiyo. Nilivitazama nikaona haya. Nilikuwa nimemweka bibi pale nilipotaka mimi, wala sikumuuliza anataka nini kionekane.

"Subiri, bibi," nikasema.

Nikimpiga mzima kwa mbali anaonekana kama njiti ya kibiriti iliyosimamishwa. Nikimpiga karibu, miguu inakatika. Nikarudi nyuma, nikasogea, nikachuchumaa, bado. Basi nikalala kifudifudi kwenye vumbi, na gauni la kitenge cha sare ambalo shangazi alikuwa ameleta jana yake likiwa bado na harufu ya dukani.

"Gauni!" shangazi akapiga kelele.

Kutoka pale chini nikaviona. Viatu vya bibi vilikuwa mbele, vikubwa, kila kamba inahesabika, na kutoka kwenye viatu mikunjo ya kitenge ilipanda kama mistari ya chai, ikapita magotini, ikapita mikono iliyopumzika, ikaenda mpaka usoni. Bibi alipomwona mjukuu wake amejilaza kama mjusi juani alianza kucheka, kile kicheko cha kutingishika mabega bila sauti. Nikabonyeza.

Nikainuka nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, nikampa aone. Akatazama miguu kwanza, akaridhika, kisha akapanda taratibu mpaka kwenye uso wake unaocheka.

"Ehee," akasema. "Huyu ndiye mimi."

Nilivyoanza kurukaruka, nusura niiangushe kamera. Na hapo ndipo sherehe iliponiponyoka. Mama mdogo akataka na yeye apigwe kama bibi. Wa pili akaenda ndani kubadili viatu. Ikawa foleni. Wajomba, majirani, hata katekista, mtu mzito asiyetabasamu ovyo, akakaa kwenye kile kiti akavuta suruali kidogo juu ili soksi zake nyekundu zionekane. Mimi nililala chini, nikainuka, nikalala tena, nikicheka na wao wakicheka. Shangazi alikuja wa mwisho, kimya, akanyoosha miguu yote miwili mbele.

Sauti ya mshereheshaji ikaita watu kwenye keki. Nikakimbia, nikapenya, nikamweka mdogo wangu kwenye njia panda, kisu mkononi. Nikabonyeza. Kamera haikusema kitu. Nikabonyeza tena. Betri ilikuwa imekwisha.

Chaja nilikuwa nayo, lakini betri ile ilitaka saa tatu kujaa, na keki iliyokwisha kuimbiwa haisubiri mtu. Ikakatwa. Simu zilikuwepo, ndiyo, ila katika picha zote za simu tulizokusanya baadaye, mbele ya mdogo wangu upo mkono wa mjomba ulioinua simu yake.

Wageni walipoondoka jioni, mdogo wangu alinikuta nafagia chini ya turubai. Alikuwa amelia tayari.

"Umepiga soksi za katekista," akasema. "Keki yangu hujapiga."

Nikaweka ufagio chini. Siku nzima nilikuwa na furaha, na furaha ile niliila peke yangu, siku ikiwa ni yake.

Asubuhi niliamka na wazo kichwani, na betri ilikuwa imejaa. Nikaenda jikoni kuiangalia keki. Ilibaki robo. Upande mmoja ulikuwa mzuri bado, mweupe, na ua moja la pinki. Upande wa pili ulichimbwa kama korongo la mmomonyoko. Nikaizungusha polepole mpaka korongo likapotea. Kutoka pale nilipoinama, ilikuwa keki nzima.

Nikamwamsha mdogo wangu. "Vaa gauni."

"Watu wameshaondoka."

"Vaa tu."

Watu walikuwa watano: mama, bibi, binamu wawili wa kike waliolala kwetu, na jirani aliyekuja kurudisha sufuria. Niliwasimamisha nyuma ya mdogo wangu, mabega yamebanana, mmoja mbele ya mwingine. Mwalimu alitukataza kumkata mtu ukingoni mwa picha, kwa sababu jicho litamfuata nje. Asubuhi ile ndicho nilichokitaka. Nikamkata jirani nusu upande wa kushoto, binamu mmoja nusu upande wa kulia, ili anayetazama aamini kwamba huko nje wapo wengine, na wengine nyuma yao.

"Mnashangilia!" nikawaambia. "Mko mia mbili!"

"Mia mbili wako wapi?" bibi akauliza.

"Wewe shangilia, bibi!"

Bibi akapiga vigelegele, vile vya zamani, vikakata hewa ya asubuhi hata mbwa wa jirani akabweka. Upepo wa Makambako, ambao hauombwi, ukaja ukainua shela ya mdogo wangu ikafunika nusu ya uwanja mtupu nyuma yetu. Mdogo wangu akacheka, kisu kikashuka kwenye keki. Nilibonyeza mara kumi na nne. Kisha tukaimaliza ile robo tukiwa tumesimama, saa moja na nusu asubuhi, na chai ya moto.

Shule ilipofunguliwa mwalimu aliziweka picha zangu kwenye kompyuta, wenzangu wote wamemzunguka. Kwenye picha ya bibi aliinamia kioo. Akawataka waje mmoja mmoja waonyeshe kwa kidole jicho lao lilivyosafiri, na wote walianzia viatuni. Rafiki yangu alikataa kuondoa kidole chake pale kwenye kicheko cha bibi. Picha ya keki ilipofunguka, mwalimu akasema, "Hii sherehe ilijaa kweli."

"Walikuwa watano, mwalimu."

Akaniangalia. Akairudia picha, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akafika kwenye bega la jirani lililokatwa, akakaa kwenye stuli ya maabara akacheka mpaka akaomba kitambaa.

Picha hiyo iko sebuleni kwetu mpaka leo, juu ya televisheni. Mgeni akiingia huisifu, husema watu walikuwa wengi siku hiyo. Mama hujifanya anatafuta kitu kabatini. Mdogo wangu, ambaye sasa naye yuko sekondari, hujibu bila kupepesa macho:

"Wengi mno. Wengine hawakuenea."