Karata Zinazosomeka kwa Macho ya Mama

Nilifunga safari ya Kilwa kwa sababu mama yangu alikataa kwenda hospitali mpaka atazamiwe kwanza kwa karata. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Lindi, na mtoto wa jicho alikwisha kumfunika macho yote mawili. Siku chache nyuma alimimina uji wa moto pembeni ya bakuli, ukamuunguza mguu. Lakini kila nikitaja upasuaji, jibu lake ni lile lile: "Kisu ndani ya jicho, Tekla? Nitazamie kwanza."

Nimlaumu nani? Mimi ni msusi mjini Lindi, na huwatazamia wateja wangu kwa karata za taroti, zile za picha, ili wasisinzie kitini. Mama husali rozari kila jioni na haoni ubaya wowote. Tatizo lilikuwa pakiti yangu. Niliiagiza Dar nikiwa na haraka, na picha zake ni giza tupu, minara inaungua na watu wameota pembe. Bila kijitabu chake sisomi kitu. Tena Mama ana sharti la kwao: anayetazamiwa huitaja karata yake mwenyewe kabla msomaji hajafungua mdomo. Asipoitaja, haisomwi. Nilipompa ya kwanza aliigeuzageuza, akanirudishia.

"Hii hata wewe huijui. Katafute zinazosomeka."

Kijijini kwa Mama, Kilangala, niliondoka asubuhi, umande ukiwa bado kwenye mikorosho. Mama alinisindikiza mpaka barabarani akiwa ameshika bega langu, na moyo uliniuma, kwa kuwa zamani mimi ndiye niliyekuwa nikishika lake.

Njiani, ndani ya basi, nilitoa karata zangu nizikariri. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kiswere mwenye ndoo ya samaki wakavu. Alichungulia, akaivuta ndoo yake miguuni.

"Mwanangu, hayo mapepo yako yasiwaguse samaki wangu. Nawapeleka kwenye shughuli."

"Shikamoo, mama. Ni picha tu."

"Marahaba. Picha yenye pembe si picha tu."

Nikazirudisha mkobani.

Nangurukuru nilishuka, nikala wali kwa maharage, nikachukua bodaboda hadi Kilwa Kivinje. Mwenyeji wangu, Rukia, ni rika langu. Anauza mitandio, na ndugu zake walio ng'ambo humletea karata za kila aina kwa vile wanajua anazipenda. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwake. Alinikaribisha mkekani, akaleta chai ya tangawizi na mihogo, kisha akazimwaga pakiti zake mbele yetu.

Ya kwanza ilikuwa na kingo za dhahabu, nzuri mno, ila karata zake zilikuwa kubwa kuliko viganja vyangu. Ya pili ilikuwa na picha za paka tu. Paka mfalme, paka hakimu, paka aliyening'inizwa mguu mmoja. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Ya tatu ndiyo iliyoniteka. Kila karata ilikuwa na kisa kizima: mtu analia kitandani, watoto wanapeana maua, mwanamke amefungwa kitambaa usoni. Nilizisoma moja baada ya nyingine bila kijitabu, ulimi unateleza wenyewe.

"Hizi hizi!" nikasema. "Hakuna rahisi kama hizi."

"Rahisi kwa nani, shoga? Unamtazamia nani?"

"Mama yangu."

"Anaona?"

Nikazishusha karata mkekani. Safari nzima nilikuwa natafuta karata rahisi kwangu mimi, na sharti la Mama nalijua tangu utoto.

Rukia hakunicheka. Aliingia ndani, akatoka na pakiti ya karata za kawaida, hizi zinazouzwa dukani, zenye namba kubwa pembeni. "Mama yako amewahi kucheza hizi?"

"Tangu usichana wake. Ukicheza naye hukosi kufungwa."

"Basi. Kopa mapenzi, uru mali, pau kazi, shupaza mtihani. Marehemu mama yangu alitazamia kwa hizi hizi, na hakuwa na kijitabu."

Nilipumua kama mtu aliyetua kuni kichwani. Usiku ule nililala fofofo kwake, na kulipokucha nikapanda basi la kurudi kusini, pakiti ile aliyonipa ikiwa mkobani.

Kilangala nilifika jua likiwa bado kali. Mama alikaa barazani, akasugua viganja vyake kwa furaha aliposikia karata zikichanganywa. Alikata, akachomoa moja. Akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akaielekeza juani.

"Ni nyekundu," alisema. Kisha, "Au nyeusi? Tekla, hii ni nini?"

Mimi niliiona. Nikabana mdomo kwa kisingizio cha sharti lake.

Mama aliishikilia muda mrefu, halafu mkono wake ukashuka mapajani. "Karata hizi nimezicheza kabla hujazaliwa," alisema taratibu. "Kama hata hii siioni, unisomee nini tena? Basi nipeleke Lindi."

Niliichukua ile karata nikaitia mfukoni. Nilitaka kuruka kwa furaha, ila niliogopa asije akabadili mawazo.

Lindi, siku bandeji ilipotolewa, Mama alianza kwa kunitazama mimi, akasema nimekonda na kichwa changu cha msusi kinahitaji msusi. Nililia palepale mbele ya muuguzi, bila haya. Kisha akanyoosha mkono.

"Ile karata yangu iko wapi?"

Nikaitoa. Hakuisogeza popote. Aliitazama mara moja tu.

"Saba ya shupaza!" alimaka. "Mtihani mtupu! Ningeiona siku ile, mwanangu, nisingekuja."

"Ndiyo maana nilikaa kimya, Mama."

Tangu hapo wateja wakiniuliza karata zipi ni rahisi kusoma, nawauliza kwanza: rahisi kwa nani? Zangu zenye pembe nimezifungia kabatini. Hizi za kawaida anazo Mama, na jana amenifunga mara tatu.