Daraja Lililowekwa Mwisho, na Mama Aliyekataa Kusubiri

Saa moja kasorobo asubuhi, foleni ya malori ya tipa imeshafika hadi mlango wa kanisa. Ernestine Mouzon anashuka barabarani bila haraka, anainua kibao chekundu kilichoandikwa "Simama", na tipa ya mbele inafunga breki kwa mlio unaotia ganzi meno.

Watoto wanapita nyuma ya mgongo wake, mabegi yakirukaruka. Mmoja anamuuliza kama leo ana pipi.

"Pita kwanza," anamjibu bila kugeuka. "Macho yangu yako kwa huyu dereva."

Juu yao, magari ya barabara kuu yananguruma kuelekea mjini. Hapa Weston Row, South Carolina, watu wamezoea kuongea kwa sauti hata wakiwa jikoni, maana barabara hiyo haijanyamaza tangu ilipojengwa.

Ernestine ana miaka sitini na mitatu. Asubuhi na alasiri anavusha wanafunzi; katikati anapiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Ni mjane, na nyumba anayoishi ni ya pili kuwekewa alama ya kubomolewa katika maisha yake.

Ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Alikuwa mtoto wa miaka sita wakati barabara kuu ilipopasua mtaa katikati. Anakumbuka mama yake akifagia sebule asubuhi ile ile ambayo tingatinga lilikuwa limeegeshwa nje, kwa sababu hakutaka wageni wakute uchafu.

"Walituambia ni maendeleo," anasema. "Majirani zetu walipakia magodoro wakaondoka. Maendeleo yalipita juu yetu, na hayakuwahi kusimama."

Ndiyo maana ofisi ya barabara ilipotangaza upanuzi, ilikuja na maneno matamu. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Mhandisi kijana, Kyle Brandt, alionyesha picha za rangi: miti, ukuta wa kuzuia kelele, ukumbi mpya wa jamii, nyumba mpya kwa watakaohamishwa. Zaidi ya yote, daraja la waenda kwa miguu, ili watoto wasivuke tena magari yanaposhuka kutoka barabara kuu. Daraja lingejengwa kwanza. Alilisema hilo mwenyewe, na watu wakampigia makofi.

Majira ya kuchipua yalipofika, ratiba ilikuwa imegeuka. Malori kwanza, njia mpya za magari kwanza, daraja mwisho kabisa. Brandt alieleza kwamba hivyo ndivyo kazi ingekwenda haraka, na kwamba mtaa ungenufaika tu, ila uwe na subira.

"Subira," anarudia Ernestine, akikaza uso. "Barabara haisubiri hata siku moja. Wa kusubiri ni sisi tu."

Mwezi uliofuata, kioo cha pembeni cha tipa kilinasa begi la Nyla, mjukuu wa Shemasi Purvis Frierson. Mtoto aliburutwa, akavunjika mtulinga, mfupa wa begani. Ernestine ndiye aliyemwokota. Anasema mtoto hakulia; aliuliza tu kama atachelewa shule. Ofisi ilituma salamu za pole na ahadi ya kuongeza vibao vya tahadhari.

Ernestine hakupiga kelele. Alizungumza na shemasi baada ya ibada, naye shemasi akazungumza na wengine.

Jumatatu, watoto walipokwisha kuvuka, mtaa mzima ulikuwa unangoja kando ya barabara. Walikuwapo wazee wenye magongo, wanakwaya, na kinyozi akifuatana na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Sheria inasema mtu akiwa kwenye kivuko na kibao kikiwa juu, gari lisimame. Basi walivuka, taratibu, mmoja mmoja. Wakifika ng'ambo, wanarudi.

Foleni ilikwenda hadi kwenye barabara kuu. Polisi alikuja, kijana aliyewahi kuvushwa na Ernestine akiwa darasa la pili. Alivua kofia.

"Bi. Ernestine, utawavusha mpaka lini?"

"Mpaka waishe, mwanangu."

"Na wataisha lini?"

"Hapo ndipo penye shida. Kila wakifika kule, wanakumbuka wamesahau kitu huku."

Polisi aliangalia pembeni, akajikaza asicheke.

Kesho yake Ernestine alisimamishwa kazi. Kibao kikachukuliwa na mtu mwingine, lakini watu waliendelea kuvuka, na yeye sasa alikuwa miongoni mwao, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nyla aliyefungwa bega. Picha ya wawili hao ilionekana kwenye taarifa ya habari ya jioni. Kabla wiki haijaisha, Brandt alirudi kanisani bila picha za rangi. Alisema malori yatatumia njia nyingine mpaka daraja likamilike.

"Samahani, Bi. Ernestine," alimwambia mlangoni.

"Mwambie Nyla," alimjibu. "Mimi sijavunjika kitu."

Alirudishwa kazini akiwa na onyo. Tipa za leo zinaleta kokoto za nguzo za daraja, na ndizo pekee zinazoruhusiwa hapa. Lakini nyumba yake itabomolewa vilevile. Hilo halikubadilika, na wapo majirani ambao wameshachukua fidia na kuhamia mbali, nje ya mji.

Yeye amekataa. Anadai moja ya nyumba mpya zilizoahidiwa nyuma ya kanisa, na ameapa hatatoka kwenye hii mpaka ile iwe na paa. Akiipata, anakusudia kuacha kupiga pasi, aweke meza uani, awe anawapikia wazee chakula cha mchana.

"Waliohamishwa na barabara hii nikiwa mtoto, wengine hatujui hata walizikwa wapi," anasema. "Safari hii, atakayenitafuta atanikuta Weston Row."