Riwaya niliyoijalidi kwa kalenda ya kanisa

Leo nimenaswa na jalada langu mwenyewe.

Mjukuu wangu aliniazima riwaya ya Kiingereza, ya vijana wawili wa kiume wanaopendana. Nikaijalidi kwa kalenda ya kanisa, kama tulivyojalidi vitabu vya shule kule Bukavu.

Kwenye kikundi cha akina mama hapa ughaibuni, Rexdale, Mama Furaha akaniona nayo.

"Mwalimu, tusomee hicho kitabu cha ibada. Ututafsirie."

Nilikuwa kwenye kiti cha kona. Pa kupita hapakuwapo.

Nikasoma. Mahasimu wawili wamefungiwa na theluji katika chumba kimoja. Mmoja ana homa. Mwenzake, aliyeapa kutomsemesha tena, anamkanda paji la uso.

(Utamu wa hadithi hizi ndio huo. Hakuna pa kukimbilia, kiburi kinachoka.)

"Ni mke na mume?" akauliza Mama Furaha.

"Ni wanaume wawili. Wanapendana."



Nikavua miwani. Pale ndipo mahali pekee ninapozungumza Kiswahili wiki nzima, na nilijua nimepapoteza.

"Vaa miwani, Mwalimu," akasema Mama Furaha. "Mgonjwa tutamwachaje na homa yake?"

Nimesoma mpaka sauti ikakauka.

Nyinyi mngesema ukweli?