Seva Iliyokataa Shikamoo

Chuo nilichokuwa nikifanyia kazi, pale Kimara, kilikuwa na seva yake ya baruapepe, na seva hiyo ilikuwa wazi. Mtu yeyote, popote alipo, aliweza kuitumia kupeleka barua kwa mtu yeyote bila pasiwedi. Iliachwa hivyo ili walimu wa tawi letu la Temeke wasisumbuke. Matapeli wakaigundua. Wakawa wanawaandikia wazazi kupitia mashine yetu: "Shikamoo mzazi, mwanao kalazwa, tuma hela haraka."

Nilimwambia mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta kwamba dawa ni moja: kila anayetuma barua nje ajitambulishe kwa pasiwedi, walimu wa Temeke wapewe za kwao. Kazi ya asubuhi moja. Akasema nitawavuruga watu msimu wa maombi ya kujiunga na chuo. Badala yake akaweka amri yake: barua yoyote yenye neno "shikamoo" kwenye kichwa, iwe inatoka au inaingia, itupwe kapuni. Nikamuuliza waombaji wetu wataanzaje barua zao. Akacheka, akasema nina maswali ya kijijini. Nikanyamaza.

Jumatatu baada ya maombi kufungwa alikuja mama mmoja kutoka Mtongani, kashika simu ya binti yake. Binti aliomba nafasi ya uuguzi siku nne kabla ya mwisho, lakini jina lake halikuwemo kwenye orodha ya usaili. Kichwa cha barua yake kilisema: "Shikamoo. Naomba nafasi ya uuguzi."

Mkuu wa kitengo alimwambia barua haikufika. Mama akamwonesha tarehe. Akasingizia mtandao. Mama akamwonesha tarehe tena.

"Mama yangu, mashine haijui shikamoo," akasema. "Siku nyingine aende moja kwa moja kwenye hoja."

"Kumbe ndo maana hata mie hujaniamkia," mama akamjibu.

Nikalifungua kapu mbele yao. Barua ya binti ilikuwamo, pamoja na nyingine nyingi za vijana waliofunzwa adabu. Wasiosalimia ndio walioitwa kwenye usaili. Nilizichapa zote, nikampelekea mkuu wa chuo.

Alikubali wote waitwe. Kisha akanipa tangazo la kubandika juu ya orodha ya majina yao: "Waombaji waliokosea kichwa cha barua wamesamehewa." Nikamrudishia. Nikamuuliza wamesamehewa kosa gani. Akachukua kalamu, akakata mstari ule, akaandika: "Waombaji ambao barua zao zilizuiwa kwa kosa letu."

Mama alilisoma pale ubaoni, akaliona jina la binti yake, kisha akaniuliza, "Letu, la nani?"

"La aliyeandika amri," nikamwambia, "na langu mie niliyenyamaza."

Hakunifariji. Nilirudi ndani nikaweka pasiwedi bila kumwomba mtu ruhusa. Kazi yenyewe haikuchukua hata asubuhi nzima, na hilo likanizidishia hasira.